Bukavu: mgonjwa wa tumbo akiomba choo dukani, funguo iko na nani?

Kwenye maduka ya Bukavu, mtu anayeomba kutumia choo anapata karibu kila mara moja ya majibu haya: « Choo imeharibika », « hakuna maji », ao « funguo iko na patron, na patron ametoka ». Muuzaji anajibu bila kuinua macho, mkono ukiwa kwenye simu. Kwa mtu mwenye afya, ni jambo la kukasirisha kidogo. Anajibana, anaendelea na safari, atafika nyumbani. Kwa mtu mwenye ugonjwa wa uvimbe wa kudumu wa utumbo, jibu hilo ni mambo mengine kabisa. Mwili wake haumpi nusu saa. Siku mbaya haumpi hata dakika tano.

Ugonjwa huo una sura mbili kubwa. Ya kwanza waganga wanaiita ugonjwa wa Crohn, kwa jina la Burrill Crohn, daktari wa New York ambaye pamoja na wenzake wawili waliueleza mwaka 1932. Huo unaweza kushika mahali popote kwenye njia ya chakula, tangu kinywani hadi chini. Ya pili inashika utumbo mpana peke yake, na kuutia vidonda vinavyotoka damu. Katika zote mbili, kinga ya mwili, ile inayotakiwa kupigana na vijidudu, inageuka na kuanza kupiga utumbo wenyewe. Kwa nini inageuka, waganga hawajapata jibu kamili. Mara nyingi ugonjwa unaanza ujanani, kati ya miaka 15 na 35. Unakuja na kuondoka: miezi ya amani, kisha majuma ya kuhara mara nane ao mara kumi kwa siku, pamoja na damu, maumivu, uchovu na kukonda. Hauponi kabisa, lakini dawa zinaweza kuutuliza kwa muda mrefu. Na kuna neno moja ambalo wenye maduka wanapaswa kulisikia mbele ya mengine yote: hauambukizi. Hakuna anayeupata kwa kukaa kwenye choo alichokaa mgonjwa.

Tatizo la kwanza, hapa kwetu, ni jina. Mu Bukavu tumbo inayouma na kutoa damu ina jina moja karibu kwa kila mtu: amibe. Si upumbavu. Amibe ipo kweli, minyoo ipo, tifoidi ipo, na kwenye muji ambao maji safi ni ya shida, munganga anayeanza kwa kutafuta amibe anaanza mahali panapofaa. Shida inakuja pale amibe inapotibiwa mara ya tatu, ya tano, ya saba, Flagyl juu ya Flagyl, kisha mizizi ya mzee wa kijijini, kisha maombi, na mtu anaendelea kukonda. Tena kuna kifua kikuu cha utumbo, ambacho kinafanana na Crohn hata mbele ya daktari mwenye uzoefu. Kukosea kati ya hivyo viwili ni hatari, kwa sababu dawa zinazotuliza Crohn zinapunguza nguvu ya kinga, na kifua kikuu kinapata njia ya kuenea. Ili kujua kweli, inaomba kolonoskopi, ule mpira mrefu wenye kamera unaopitishwa kwa chini, na kipande kidogo cha utumbo kupelekwa kwenye labo. Hicho ni kipimo cha hospitali kubwa, na bei yake si ya mtu anayeuza tomate.

Kwa hiyo kuna wagonjwa wanaoishi miaka na ugonjwa usio na jina. Hilo lina uzito kwenye habari ya choo. Mtu ambaye ugonjwa wake hauna jina hana karatasi ya kuonyesha. Mbele ya muuzaji anabaki kuwa « mtu anayehara », basi.

Chukua mfano wa mama anayekaa upande wa Panzi na kuuza maharagi mu soko ya Kadutu. Si mtu fulani, ni mfano wa kufanyia hesabu. Asubuhi hakuli. Anakunywa nusu kikombe cha chai, kwa sababu ameisha kujifunza kwamba tumbo tupu inamwacha afike. Ndani ya mfuko anabeba kikwembe cha pili. Anaenda choo mara mbili mbele ya kutoka, maana njiani magari yanafungana, na ndani ya taxi iliyojaa hakuna wa kumwomba asimamishe. Akifika sokoni, choo cha kulipia kipo. Tuseme ni franka 500 kila mara. Siku ambayo mwili unamwita mara nane, hiyo ni franka 4.000, na maharagi bado hayajaisha kuuzwa. Kila mara anapoondoka, anamwachia jirani meza, na jirani naye ana uvumilivu wake, una mwisho.

Lakini adui mkubwa kuliko bei ni mstari. Mbele yake kuna watu sita, kila mmoja na haraka yake. Aseme nini ili wampishe? Atamke kwa sauti, katikati ya soko, kwamba anahara damu? Watu hao ndio wananunua chakula mikononi mwake. Akisema leo, kesho hana mteja. Ndiyo maana ananyamaza, anavuka barabara, na kugonga kwenye duka la kwanza lenye ukuta wa matofali, akitumaini kwamba nyuma ya ukuta huo kuna choo. Hapo anakutana na « choo imeharibika ».

Wengine wanamaliza tatizo kwa kuacha kutoka. Mwanafunzi anaanza kukosa masomo ya saa ya kwanza, kisha anaacha auditware kabisa. Kijana aliyepata kazi ya kutembeza bidhaa anaikataa bila kueleza sababu, na nyumbani wanasema ni mvivu. Aibu inafanya kazi yake kimyakimya, na kwa hiyo hakuna anayehesabu watu hao.

Sasa upande wa mwenye duka. Ni rahisi kumwita mtu mubaya, na kuna walio wabaya kweli, wanaofungua choo kwa mteja aliyevaa kravati na kukifunga kwa mama mwenye kitunga. Ila wengi wana hesabu zao. Duka la kawaida hapa ni chumba kimoja cha kupanga. Choo kiko nyuma, ndani ya parseli, kinatumiwa na wapangaji wote, na funguo iko kweli na mwenye nyumba. Muuzaji mwenyewe anaomba.

Kisha kuna maji. Bomba za Regideso hazifiki kila mtaa, na zinapofika maji hayatoki kila siku. Choo cha kumwagia kinaomba lita sita hadi kumi kila mtu anapotoka. Bidoni ya lita 20, iliyopandishwa mlima juu ya mgongo wa mtu na kulipiwa, inaisha kwa watu wawili ao watatu. Kumfungulia mgeni choo ni kumpa nusu ya bidoni. Shimo nalo linajaa. Bukavu ilijengwa na Wabeljiji kwa watu wachache kwenye rasi za ziwa, wakati huo ikiitwa Costermansville. Leo inahesabiwa kuwa na zaidi ya watu milioni moja, nyumba juu ya nyumba kwenye miteremko ya Ibanda, Kadutu na Bagira, na mitaa mingi gari haiwezi kupita. Lori la kunyonya haliwezi kufika huko. Shimo linaondolewa kwa ndoo na mikono ya watu, usiku, na kazi hiyo inalipiwa vizuri ao haifanyiki. Hakuna mwenye duka anayependa kuiharakisha.

Woga wa kipindupindu nao upo. Kivu ya Kusini inaujua ugonjwa huo vizuri, hasa Uvira na Fizi, kando ya ziwa Tanganyika, ambako unarudi kila mara. Wazee hawajasahau Julai 1994, wakati wakimbizi toka Rwanda walijaa Goma na kipindupindu kiliua makumi ya maelfu ya watu kwa majuma machache. Bukavu pia ilipokea wakimbizi wengi mwaka ule. Mtu aliyekua na hadisi hizo, akisikia mgeni anasema « tumbo inaniendesha », anafikiri watoto wake kwanza. Woga huo una asili.

Lakini mlango uliofungwa haumkingi. Mtu anayenyimwa choo hapati nguvu mpya ya kujizuia. Anaenda nyuma ya ukuta, ao ku mtaro. Mtaro unashuka kwenye mto Kawa, Kawa inashuka ziwani, na kwenye ziwa hilo kuna familia zinazochota maji ya kupikia. Kama mgonjwa huyo angekuwa na kipindupindu kweli, choo chenye sabuni na maji ya klori ndicho kingekuwa kinga ya mtaa mzima. Akiwa na Crohn, hakukuwa na kitu cha kuogopa tangu mwanzo. Kwa upande wowote, kufunga ni hesabu mbaya. Ila lita kumi za maji zinalipwa na mwenye duka peke yake, na faida ya mtaro safi inagawanywa kwa muji wote. Hapo ndipo penye fundo, kuliko roho mbaya ya watu.

Sheria inasema nini? Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 47, inatoa haki ya afya. Kifungu cha 48 kinataja nyumba ya heshima, maji ya kunywa na umeme. Choo hakitajwi humo. Kuna pia sheria ya Mei 2022 inayolinda haki za watu wenye ulemavu, lakini mgonjwa wa utumbo haonekani kwa macho, hana fimbo wala kiti cha magurudumu, na kumwingiza chini ya sheria hiyo kungeomba munganga, karatasi na mwanasheria mwenye moyo. Kenya, kwa mfano, ilienda mbele zaidi: katiba yao ya 2010, kifungu cha 43, inataja usafi wa mazingira ya haja kama haki ya kila mtu. Miaka ya karibuni mwanasheria Adrian Kamotho alipeleka serikali ya huko mahakamani juu ya ukosefu wa vyoo kando ya barabara kuu, na mahakama ilimpa haki. Umoja wa Mataifa nao, tarehe 28 Julai 2010, ulitangaza maji safi na usafi kuwa haki ya binadamu. Tangazo la New York halijazi bidoni, hilo kila mtu analijua, lakini linampa msingi yule anayetaka kudai.

Sheria inayozungumziwa zaidi juu ya maduka ilitoka jimbo la Illinois, Marekani. Msichana wa miaka 14, Ally Bain, mgonjwa wa Crohn, alikuwa dukani na mama yake wakati mwili ulipomshika. Walikataliwa choo cha wafanyakazi, na aibu ikamkuta pale pale. Hakunyamaza. Yeye na mama yake walienda kwa mbunge wao, na mwaka 2005 jimbo likapitisha sheria ambayo watu wanaiita kwa jina lake. Majimbo mengine mengi yaliifuata. Inasema hivi: mtu mwenye ugonjwa wa namna hiyo hawezi kunyimwa choo cha wafanyakazi, kama wako wafanyakazi watatu ao zaidi kazini saa hiyo, kama hakuna choo cha watu wote karibu, na kama kumwingiza hakuleti hatari. Mwenye duka anayekataa analipishwa hadi dola 100. Uingereza hawakupita kwa njia ya kulazimisha. Shirika la wagonjwa, Crohn's & Colitis UK, linawapa watu kadi ndogo inayosema kwamba mwenye kadi hawezi kungoja, na inaachiwa utu wa mwenye duka.

Kuleta sheria ya Illinois hapa jinsi ilivyo hakungesaidia. Maduka yenye wafanyakazi watatu yanahesabika: alimentation kubwa za Ibanda, mafarmasi kadhaa, stesheni za esansi, hoteli. Duka la mama na mtoto wake mu Kadutu, palipo watu wengi na vyoo vichache, lingebaki nje. Na adhabu ya dola 100 ingekuwa haraka sana chakula cha mtu mwenye kofia ya kazi: leo « choo iko wapi? », kesho « toa kitu kidogo ». Wafanya biashara wa Bukavu wana uzoefu wa kutosha na adhabu za namna hiyo.

Kinachokaribia hali yetu zaidi ni mfano wa Aalen, muji mdogo wa Ujerumani. Huko, tangu mwaka 2000 hivi, manispaa inawalipa wenye restora na maduka pesa kiasi kila mwezi. Wao wanabandika alama kwenye mlango, na mtu yeyote anaingia choo bila kununua kitu. Manispaa ilifanya hesabu na kuona kwamba kulipia maji na sabuni ya vyoo vilivyopo ni bei ndogo kuliko kujenga vipya na kuvilinda. Miji mingine mingi ya Ujerumani imeiga. Mpango huo hauombi mwenye duka kuwa mtakatifu. Unamlipa lita kumi zake.

Mu Bukavu wachuuzi wanalipa kodi ya meza karibu kila siku, na wenye maduka wana zao. Sehemu ya franka hizo ingeweza kurudi kama bidoni na klori kwa wale wanaokubali kufungua. Hapo inafaa kusema wazi hali ilivyo. Tangu Februari 2025 muji uko mikononi mwa AFC/M23, mabanki zilifunga milango, na pesa ya kushika mkononi imekuwa ngumu. Anayetaka kupeleka ombi la vyoo leo anajiuliza kwanza ofisi ipi italipokea, na kesho nani ataliheshimu. Pengine ndiyo sababu watu wanasema ni jambo la kungojea amani. Lakini utumbo wa mgonjwa haungojei, na mambo mengine hayahitaji saini ya meya. Parokia zina vyoo ambavyo toka Jumatatu hadi Jumamosi havitumiki sana. Mashule yana vyoo. Shirika la wachuuzi wa soko linaweza kuamua, kwa kikao kimoja, kwamba mwenye karatasi ya munganga hapangi mstari. Hilo halina bei hata ya franka moja, na kwa yule mama wa maharagi ndilo lenye faida kubwa kuliko yote.

Mpango wowote ukifanywa kwa wagonjwa wa Crohn peke yao utakufa, kwa sababu wenye kipimo mkononi ni wachache mno. Watu wanaohitaji mlango huohuo ni wengi zaidi. Kuna mzee mwenye tezi dume, mgonjwa wa sukari, mama mwenye mimba ya miezi nane, mtu aliyepasuliwa utumbo na anayebeba mfuko wa haja tumboni. Na kuna wanawake wa fistula, ambao mkojo ao haja kubwa vinatoka bila wao kuweza kuzuia. Hospitali ya Panzi, aliyoianzisha daktari Denis Mukwege mwaka 1999, imewatibu maelfu, na kazi hiyo ilimpeleka hadi kwenye Nobel ya Amani mwaka 2018. Dunia nzima inalijua jina la Bukavu kwa sababu ya wanawake hao. Wakitoka hospitalini na kwenda kununua sabuni, wanajibiwa pia kwamba funguo iko na patron.

Karatasi yenyewe si kazi kubwa. Mistari mitatu, kwa Kiswahili na Kifaransa: mwenye karatasi hii ana ugonjwa unaomlazimisha kwenda choo mara moja, ugonjwa huo hauambukizi, tafadhali mumpishe. Chini, saini ya munganga na muhuri wa hospitali. Jina la ugonjwa halihitajiki, na hivyo hata yule ambaye hajapata pesa ya kolonoskopi anaweza kupewa na daktari wa kituo cha afya anayemfuata kila mwezi. Kwenye inchi ambayo muhuri unafungua bariyeri za barabarani, labda utafungua na choo.

Muuzaji akiisha kuisoma, atabaki na neno moja tu: maji. Kwa sasa hakuna anayemrudishia bidoni yake, kwa hiyo mgonjwa atalazimika kuweka franka kidogo mezani akitoka, juu ya zile za dawa. Kumtoza mtu mgonjwa kwa ugonjwa wake si haki. Lakini mpaka apatikane wa kulipa bidoni hiyo, mlango unaofunguka kwa franka 200 unamfaa yule mama kuliko mlango ambao ni bure na umefungwa.